Haard: Msitu Uliobeba Migodi

Kaskazini mwa bonde la Ruhr, magharibi mwa Ujerumani, baina ya miji ya Recklinghausen na Haltern, umeinuka mgongo wa ardhi uitwao Haard. Si mlima wa kumtisha mpandaji: kilele chake, Stimberg, hakifiki mita 160 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo, tukitoka katika tambarare ya viwanda na barabara kuu, mara twaingia kivulini mwa msitu, na nyayo zetu zinazama katika mchanga mwepesi. Mchanga huo ni masalia ya bahari ya kale. Mvua ikinyesha huunywa mara moja, na kwa sababu hiyo wakulima hawakupatamani mahali hapo.

Karne ya 19 ilipoleta migodi mikubwa ya makaa ya mawe, ardhi hiyo duni ilipata kazi. Ilipandwa misonobari ili ikatwe kuwa nguzo za kuzuia dari za njia za chini ya ardhi. Wachimbaji waliupenda mti huo kwa kuwa hulia kabla ya kuvunjika. Aliyesikia mlio wake alipata muda wa kujiokoa. Miongoni mwa waliozamia migodi ya Ruhr walikuwamo ndugu zetu Waislamu kutoka Uturuki, walioajiriwa kufuatia mkataba wa mwaka 1961.

Mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe katika bonde hilo, Prosper-Haniel, ulifungwa mwaka 2018. Leo Haard ni mahali pa familia kutembea na kupumzika, na mtu aweza kudhani kuwa hesabu imefungwa. Haikufungwa. Uchimbaji uliididimiza ardhi ya Ruhr, mahali pengine kwa zaidi ya mita 20, na maji hayana budi kuvutwa kwa pampu daima dumu ili makazi ya watu yasigeuke maziwa. Wajerumani huuita mzigo huo majukumu ya milele, na wameuwekea mfuko maalumu wa kuugharimia.

Nasi tunayo migodi katika nchi zetu, na ardhi ni amana. Msonobari ulimwonya mchimbaji kabla dari haijaporomoka. Tusikiapo ahadi za ajira na mapato, basi, tuulize pia mapema: makaa na dhahabu vitakapokwisha, ni nani atakayewalipia wajukuu wetu gharama ya shimo?