Tone Moja la Maji

Kitu kidogo chaweza kulinda kikubwa, na kosa dogo laweza kukiharibu. Mwanagenzi mmoja alilijua jambo hili alipokuwa akijifunza kazi kwa fundi wa mashua za injini, katika kisiwa cha Mafia.

Siku moja ililetwa mashua ichukuayo abiria kwenda Nyamisati, upande wa bara. Injini yake ilikuwa ikichemka kila safari. Fundi alingoja kwanza injini ipoe, kwani maji ya moto huruka yakamwunguza mtu. Kisha akafungua kasha dogo lililo juu yake, akatoa themostati.

"Huyu ndiye bawabu wa maji," akasema. "Ndani ya kikopo hiki mna nta. Injini ikiwa baridi, mlango hufungwa, maji yazunguke ndani tu hata yapate moto. Yafikapo nyuzi 82, nta huyeyuka na kutanuka, ikausukuma mlango, maji yakaenda kupozwa."

Akaitia themostati katika sufuria ya maji motoni. Maji yakatokota, wala mlango haukufunguka.

Mwanagenzi akasema, "Fundi, wengi huitoa wakaitupa, maji yapite tu. Kwa nini nasi tusifanye hivyo?"

"Mwanangu, injini isiyo na themostati hukaa baridi mno. Dizeli haiungui sawasawa, na vyuma huliwa upesi."

Akampa themostati mpya na kumwagiza, "Upande wa springi uelekee ndani ya injini. Ziba tundu kwa kitambaa, makombo yasianguke ndani. Kwangua gasketi kuukuu yote hata chuma king'ae. Paka gundi nyembamba, weka gasketi mpya, na kaza bolti kwa zamu, kidogo kidogo, kifuniko kisipinde."

Lakini abiria walikuwa wamekwisha kufika pwani, nao wakahimiza, maana maji yalikaribia kupwa. Kijana akakwangua upesi. Kipande kimoja cha gasketi, kadiri ya ukucha, kikakataa kutoka. Akaona si neno, akakifunika kwa gundi na kukaza bolti.

Injini ikawashwa, ikaunguruma vizuri. Halafu chini ya kifuniko akaona tone moja la maji. Akalifuta kwa kidole. Likaja jingine.

Hakuna aliyeliona ila yeye. Akawatazama abiria, akamwona mama mwenye mtoto mgongoni. Akawaza, "Hapa pwani ni matone tu. Je, katikati ya bahari, maji yatakapokwisha katika injini?" Akamwendea fundi.

"Fundi, nimekosa. Sikukwangua yote."

Fundi hakumkaripia wala hakumsifu. Akazima injini, akawaambia abiria kwamba safari itangoja maji mengine. Wakanung'unika sana. Injini ilipopoa, kijana akafungua tena, akakwangua hata chuma kikang'aa, akaweka gasketi nyingine na kuiacha gundi ikauke. Injini ikaunguruma kitambo kirefu. Akapitisha kidole kando ya kifuniko: pakavu.

Usiku, maji yalipojaa, mashua ikaondoka. Kijana akasimama pwani akiusikiliza mlio wake hata ukapotea. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Lakini baharini hakuna hata mahali pa kuujenga ukuta huo.