Jina la Joubert na jina la Mama Atakaye

Wiki hii tunatembea mwambao wetu, kutoka Kalemie hadi Mpala na Moba. Safari hii hatutafuti ndakala wala mikebuka. Tunatafuta majina: yametoka wapi, kwa nini mengine yamejaa kila avenyu, na mengine yamebaki kwa watu wachache tu. Tumeichagua habari hii kwa sababu tunafundisha, na kila asubuhi tunaita majina darasani. Tunajua pia shida inayompata mtoto ambaye jina lake halikuandikwa vizuri.

Tuanze na mji wenyewe. Wazee wetu bado wanasema "Albertville". Kituo hicho kilianzishwa mwishoni mwa mwaka 1891 na Kapiteni Jacques, Mbelgiji, akakipa jina la mtoto wa ukoo wa kifalme, Albert, ambaye mwaka 1909 alikuja kuwa mfalme wa Ubelgiji. Moba nayo ikaitwa Baudouinville, kwa jina la kaka yake Albert. Kwa hiyo ndugu wawili ambao ni watoto wa Ulaya walikalia mwambao wetu kwa majina yao. Mwaka 1966 mji wetu uliitwa Kalemie, jina la mto wa hapa hapa. Jina la mji linaweza kubadilishwa kwa amri ya siku moja. Jina la mtu linabadilika kwa njia nyingine.

Ukitaka kujua historia ya Kalemie bila kufungua kitabu, sikiliza rejista ya shule. Ilunga, Ngoy, Kasongo, Banza, Mwamba: haya ni majina ya Waluba, nayo ni mengi sana. Mengi yalipanda treni. Reli ya kutoka Kabalo ilifika hapa mwaka 1915, na baada yake kazi za reli, za bandari, na baadaye za kiwanda cha nguo cha Filtisaf zilileta jamaa kutoka bara. Majina ya Wabembe, kama Wilondja na Asukulu, yametushukia kutoka kaskazini, upande wa Fizi. Watabwa na Waholoholo walikuwa hapa kabla ya reli na kabla ya kituo cha Wabelgiji. Halafu kuna majina ya Kiswahili, ambayo hayaulizi kabila: Bahati, Furaha, Riziki, Zawadi, Feza, Mapenzi, na yale ya siku za taabu, Shida, Mashaka, Machozi.

Sasa, kwa nini jina fulani ni la watu wengi? Kwetu jibu haliko katika ukoo wa baba peke yake. Chukua mapacha wa Waluba: wa kwanza ni Mbuyu, wa pili ni Kabange, na mtoto anayewafuata ni Kyungu. Basi Kyungu watatu wanaokaa benchi moja si lazima wawe ndugu. Kitu kimoja kinachowaunganisha ni kwamba kila mmoja alizaliwa nyuma ya mapacha. Jina hilo linahesabu kazi ya mama, si ukoo. Mahali penye mapacha wengi, Kyungu watakuwa wengi.

Njia ya pili ni kurudisha jina la mzee. Mtoto anaitwa kwa jina la babu, la nyanya, la shangazi au la mjomba, awe hai au amekufa. Ndiyo maana katika nyumba moja, kwa baba mmoja na mama mmoja, utakuta Ngoy, Bahati na Kabange. Wageni wanashangaa na kuuliza kama watoto hao wana baba tofauti. Sisi hatushangai. Majina yetu mengi pia hayachagui mvulana wala msichana. Jina la nyanya linaweza kukaa juu ya kijana, na la babu juu ya binti.

Tuliposhuka kusini kwa boti, na Tembwe ikabaki nyuma, milima ilizidi kusogea kwenye maji. Mpala iko kama kilometa mia moja kutoka Kalemie. Ni kijiji kinachobeba jina la mtu: Mpala alikuwa chifu wa Watabwa, ambaye Luteni Émile Storms wa Ubelgiji alimkuta hapo mwaka 1883 alipojenga ngome yake. Mwaka 1885 ngome hiyo ilikabidhiwa Mapadri Weupe. Mwaka 1887 akafika Mfaransa mmoja, Léopold Joubert, aliyezaliwa mwaka 1842 huko Saint-Herblon. Alikuwa askari wa zamani wa Papa. Hakuwa padri. Kazi yake ilikuwa kulinda vijiji vya misioni dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa waliokuwa wanavuka ziwa kwenda Ujiji.

Mwaka 1888 Joubert alimwoa msichana wa hapa, Agnes Atakaye. Walijenga nyumba, wakazaa watoto wengi, na baadaye walikaa Saint-Louis ya Mrumbi, upande wa kusini. Joubert hakurudi Ufaransa. Alikufa mwaka 1927 huko Misembe, si mbali na Moba, akiwa na miaka 85.

Hivyo ndivyo jina la Joubert lilivyopata mizizi katika udongo wetu. Huko Ufaransa ni jina la kawaida, linalotokana na jina la kale la mtu. Afrika ya Kusini pia ni la watu maelfu, nao kwa sehemu kubwa wanatoka kwa Mprotestanti mmoja aliyekimbia Ufaransa, Pierre Joubert, aliyefika Rasi mwaka 1688. Kwetu nako alifika mmoja tu, miaka mia mbili baadaye, lakini jina limebaki la nadra. Katika rejista tulizoshika hatujalisoma hata mara moja, wakati Ilunga tunawasoma kila siku.

Tofauti inatokana na sheria ya jina lenyewe. Jina la ukoo la Ulaya linapita kwa mwanamume. Baba akizaa mabinti tu, jina linasimama hapo. Mwaka 1874 Waingereza wawili, Galton na Watson, waliandika hesabu ya jambo hili: ukoo wenye watu wachache unaweza kupotea kwa bahati tu, hata kama watu wake hawana ugonjwa wala vita, kwa sababu kizazi kimoja kimekosa wavulana. Jina letu halifi hivyo. Linaweza kulala kizazi kimoja, halafu mjukuu anazaliwa na mtu anasema, huyu ni nyanya amerudi.

Lakini tuangalie tena nyumba ile ya Mrumbi. Jina la mume tunalikuta vitabuni, herufi kwa herufi, sawasawa. Jina la mke tunalikuta mahali pamoja Atakaye, mahali pengine Atakao. Yeye ndiye aliyezaa, aliyelea, aliyewafundisha watoto lugha ya mwambao. Kwa desturi ya mume, jina lake halikuwa na mahali pa kupita kwa watoto. Kwa desturi ya kwao, lingeweza kurudi juu ya mjukuu yeyote.

Jambo hili si la Mfaransa mmoja tu. Ng'ambo ya ziwa, karibu na Arusha, kuna mahali panaitwa Tengeru. Wakati wa vita kuu ya pili walikaa hapo wakimbizi wa Poland wapata elfu tano, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa wamefukuzwa makwao na kupelekwa Siberia, halafu wakapitia Iran mpaka wakafika Afrika. Wengine waliwekwa Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, karibu na ncha ya kusini ya ziwa letu hili. Makaburi yao ya Tengeru yapo hadi leo, na majina yao yameandikwa juu ya mawe.

Wapolandi wana jina moja, Nowak, ambalo maana yake ni kama "mgeni aliyefika juzi". Linabebwa na watu zaidi ya laki mbili. Kuna Kowalski pia, kutoka neno la mhunzi, mtu wa kufua chuma. Mke wa Kowalski au binti yake anaitwa Kowalska: mwisho wa jina unaonyesha kwamba ni mwanamke, lakini jina ni la upande wa mume au baba. Kando ya majina hayo makubwa, Wapolandi wana mengine ambayo yako kwa jamaa moja au mbili tu. Kwa jamaa ya namna hiyo, kuzika kijana mmoja ugenini kunaweza kuwa kuzika jina zima. Jiwe la kaburi ndilo linalobaki kulitamka.

Sisi nasi tulipitia siku ambazo majina yalitikiswa. Mwaka 1972, wakati nchi ilikuwa Zaire, Mobutu aliacha jina lake la ubatizo akajiita Mobutu Sese Seko, na raia wote waliamriwa kufuata. Mwaka 1973 ikatoka sheria ya majina. Marie, Joseph na Agnes wakafichwa nyumbani na kanisani, na kwenye karatasi kila mtu alipaswa kuwa na jina la nchi. Wakati huo aliyekuwa na nyanya anayekumbuka majina ya ukoo alikuwa na mali.

Mpaka leo karatasi zetu zinataka nom, postnom na prénom. Hapo ndipo tunaona mama wengi wanasumbuka, na tunapenda tuseme wazi mambo manne.

La kwanza ni siku. Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema mtoto aandikishwe katika ofisi ya eta-sivili ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Ndani ya siku hizo ni bure. Zikipita, inabidi kupitia hukumu ya tribinali ya watoto, na hiyo inakula siku na franka.

La pili ni kwamba mama ana haki ya kwenda mwenyewe. Sheria inataja baba au mama. Wasipokuwepo, ndugu wa karibu au aliyesaidia kuzaa anaweza kutangaza. Usikae nyumbani kumngoja baba aliye kwenye mgodi au kwenye uvuvi mpaka miezi mitatu ipite.

La tatu ni herufi. Sheria hiyo hiyo inasema mpangilio wa majina na namna yanavyoandikwa havibadiliki. Tumeona mtoto anayeitwa Kyungu kwenye karatasi ya kuzaliwa, Kiungu kwenye bulletin, na Chungu kwenye karatasi ya chanjo. Masikioni mwetu ni mtu mmoja. Kwa karani wa mtihani wa taifa ni watu watatu. Kabla ya kuondoka mbele ya meza ya karani, mwombe akusomee jina herufi moja moja. Kama hujui kusoma, mchukue binti yako au mwenzako wa chama aende nawe. Si aibu.

La nne ndilo linalotugusa zaidi. Siku hizi jamaa nyingi zimeanza kuwaandika watoto wote kwa jina moja la baba. Tunaelewa sababu. Watoto wenye majina mbalimbali wanaulizwa maswali mpakani, katika urithi, na wakati ndugu wa Ulaya anapotaka kuwaita. Mjane naye anateseka mashemeji wanapomwambia mtoto huyu si wetu, hana jina letu. Hatuwezi kuwaambia wamama wapuuze shida hiyo. Lakini fomu ina nafasi zaidi ya moja. Jina la baba likikaa mahali pamoja, mahali pengine linaweza kukaa jina la bibi mzaa mama, au la mapacha, au la furaha ya siku ile. Ongeeni na baba wa mtoto kabla mimba haijafika mwisho, si mbele ya karani.

Miaka ya karibuni maji ya ziwa yamepanda na kuingia katika nyumba nyingi za mwambao. Vita navyo vimefukuza watu vijijini, wakafika hapa mikono mitupu. Magodoro yalitolewa, masufuria yalitolewa, lakini karatasi nyingi zililowa au zilibaki nyuma. Kwa hiyo tunapendekeza kazi moja kwa kila kikundi cha chama chetu. Kwenye mkutano ujao, kila mama aje na daftari dogo. Aandike majina kamili ya watoto wake na tarehe zao, kisha jina la mama yake, la mama wa mama yake, na la mama wa mume wake, pamoja na maana ya kila jina kama anaijua. Asiyejua kuandika tutamwandikia sisi. Daftari likunjwe katika plastiki, na lakala la pili likae kwa mama mwingine, kwenye nyumba iliyo juu, mbali na maji.

Wazee wanaokumbuka majina hayo bado wako nasi. Tuwaulize jioni hii, wakati tunachambua ndakala.