Kutosha kofia

Kila mwezi wa tano, mvua zikishakatika, Baba Mdogo alikuwa akipiga simu kutoka Likasi na kusema maneno matatu tu: "Mukuye tutoshe kofia." Msomaji wa Dar es Salaam au wa Unguja angefikiri kuna kofia isiyotosha kichwa cha mtu. Kwetu Katanga kutosha ni kuondoa: tunatosha viatu, tunatosha maji kisimani, tunatosha falanga mfukoni. Na kofia, katika familia yetu, ni lile paa gumu la Land Rover yake, Series III fupi, aina iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1971.

Paa hilo ni la alumini. Linashikana na kuta zake za pembeni na vioo vyake, na juu yake kuna bati la pili la kupunguza joto la jua. Mbele limefungwa kwa bulo kwenye fremu ya kioo, pembeni kwenye sanduku la nyuma. Bulo zote zikifunguliwa, kitu kizima kinanyanyuka kama mfuniko wa sufuria. Masika, Baba Mdogo anabeba watu na magunia ya unga. Kiangazi anabeba milango, makabati na matangi ya maji, vitu ambavyo haviwezi kupita chini ya paa. Kwa hiyo kofia ilitoka mwezi wa tano na kurudi mwezi wa kumi, na kila mara ilihitaji watu wanne, mmoja kila pembe.

Wanne hao tulikuwa sisi: wanawe watatu na mimi, mtoto wa kaka yake. Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni kilometa 120 hivi. Nilipanda basi Jumamosi jioni, Jumapili baada ya ibada tukafungua bulo, tukanyanyua, tukatembea hatua kumi kama wabeba jeneza, tukaiweka kofia juu ya matofali nyuma ya nyumba. Kazi yenyewe haikumaliza nusu saa. Siku iliyobaki ilikuwa ya bukari, sombe, munkoyo na kelele. Sikumbuki hata mara moja tulipojadili kwa nini watu wazima wanaacha shughuli zao kwa ajili ya nusu saa ya kazi.

Halafu wana wakaondoka. Mkubwa alipata kazi Kolwezi, wa pili akavuka mpaka kwenda Zambia, wa tatu akaoa Kalemie akabaki huko. Mwezi wa tano wa mwaka jana nilifika peke yangu, na Baba Mdogo akaita vijana watatu wa mtaani kwa malipo. Katikati ya safari ya hatua kumi mmoja wao aliachia pembe yake. Baba Mdogo aliidaka kabla haijagonga chini, akaishika, akaimalizia safari. Hakusema kitu. Jioni hakuweza kuinama kuvua viatu, na kwa siku tatu alilala kwenye mkeka. Mama Mdogo alimkanda kwa maji ya moto huku akimsema, na yeye akawa anaitika tu, jambo ambalo si kawaida yake.

Mwezi wa nane simu ililia. Safari hii alisema: "Kuya na kalamu."

Garaji yake ni kuta mbili za matofali na mabati juu ya miti ya mikalitusi. Wazo langu la kwanza lilikuwa kufunga kamba kwenye miti hiyo. Baba Mdogo alichukua kisu, akakichoma kwenye mti mmoja, kikaingia hadi mpini. Mchwa. Miaka mingi alifanya kazi chini ya ardhi katika mgodi wa Kipushi, na kwa mambo ya kunyanyua hana mzaha hata kidogo. "Kule chini," aliniambia, "kamba haikatike sana. Ni kule inafungiwa ndiko kunatoka." Tukatafuta chuma chenye umbo la herufi I, tukakilaza kutoka ukuta hadi ukuta na kukijengea saruji kila upande.

Kisha tukapima uzito. Hili lilikuwa wazo langu, na bado najivunia. Kofia ilikuwa imekaa juu ya rundo nne za matofali. Tuliazima mizani ya kupimia watu kwa jirani, tukaiweka chini ya pembe moja baada ya nyingine, pembe tatu zikibaki kwenye matofali kwa kimo kilekile. Mbele tulisoma kilo 19 na 20, nyuma 23 na 24. Jumla 86. Namba hizo zilitufundisha pia kwamba kofia ni nzito zaidi nyuma, na kwamba ukiishika katikati kabisa ya urefu wake itainama. Nilifanya hesabu kwenye mfuko wa saruji: mahali pa kuning'inizia ni sentimita 10 nyuma ya katikati. Baba Mdogo alikagua hesabu yangu kwa njia yake. Alipitisha bomba la chuma chini ya kofia, akaisogeza mpaka ikasimama sawa bila kuegemea upande. Tofauti yetu ilikuwa upana wa kidole.

Ndipo tukafika kwenye maneno. Yeye anasema palan, neno la mgodini, la Kifaransa, na puli. Mimi, mwanafunzi wa kitivo cha lugha, nilikuwa nimebeba orodha kutoka kwenye kamusi: kapi, roda, abedari, gofia. Gofia ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Ni kapi la jahazi, lile linaloambatana na kamba nene ya kupandishia tanga. Niliyaandika yote ukutani kwa kaa la moto lililozimika. Baba Mdogo aliyasoma, akarudi kwenye lile la mwisho. "Gofia ya kutoshea kofia," alisema, akacheka mpaka akashika mgongo. Nilitaka aseme kapi tangu siku hiyo. Alikataa. Palan, alisema, ndilo neno alilolisikia siku aliyofundishwa kutosimama chini ya mzigo, na hataki kulibadilisha. Nilikasirika kidogo wakati ule. Leo naona kwamba ukienda soko la Likasi kuuliza gofia utarudi mikono mitupu, na kwamba maneno ya mabaharia yalifika kwangu kwa karatasi, ilhali palan ilifika kwake kwa kamba.

Winchi ya mkono niliinunua mimi, kwa akiba yangu, kwa muuza vyuma vya zamani. Kamba nne kutoka pembe nne zilipita juu ya makapi na kukutana kwenye ngoma yake. Ilikuwa na jino la chuma linaloingia kwenye gurudumu lenye meno, tak, tak, tak, na kuzuia ngoma isirudi nyuma. Kofia ilipanda vizuri mno. Mama Mdogo alipiga vigelegele mlangoni. Mimi niliyefanya hesabu zote ndiye niliyesema: "Sasa tuishushe. Inua jino, Papa."

Nilikuwa nimepiga hesabu ya kupandisha. Ya kushusha sikuifikiria. Jino likiwa chini, ndilo linalobeba mzigo. Likiinuliwa, kilo 86 zote zinahamia kwenye mkono wa winchi, papo hapo, na mkono wa winchi unahamia kwenye mkono wa mtu. Mpini ulimponyoka. Ulizunguka mara tatu au nne kwa kasi ambayo jicho halikuweza kuifuata, ukampiga chini kidogo ya kiwiko. Kofia ilianguka upande mmoja, kamba ikajibana kwenye kapi, ikabaki imening'inia imeinama, kioo kimoja kimevunjika. Mtoto wa jirani, wa miaka sita, alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo na muwa mdomoni.

Mfupa haukuvunjika. Walituambia hivyo kwenye zahanati baada ya kungoja hadi usiku. Katika kungoja kule nilijaribu kuomba radhi kwa Kiswahili cha chuo, kirefu na kilichonyooka. Baba Mdogo alinisikiliza, kisha akaniuliza mtoto wa jirani amepelekwa kwao au bado. Amepelekwa, nikasema. "Basi," akasema. Hatukuzungumza tena mpaka nyumbani.

Niliamini mambo yameisha. Wiki mbili baadaye alinipigia simu kusema amepata winchi nyingine, ya vis sans fin. Nilimtafsiria mara moja: skrubu isiyo na mwisho. "Skrubu gani haina mwisho?" aliuliza, na nilipofika akanionyesha. Skrubu fupi nene imelala ubavuni mwa gurudumu la meno. Ukizungusha skrubu, gurudumu linatembea. Lakini gurudumu haliwezi kuizungusha skrubu, hata likilemewa. Ukiachia mpini unakaa palepale ulipouachia, na kushusha ni kuzungusha kinyume, polepole kama kupandisha. Gharama yake ni muda. Ili kofia ipande mita moja na nusu, mpini unazungushwa mara 280 hivi.

Tulitupa zile kamba nne. Tuliunda fremu ya bomba yenye mikanda minne ya urefu sawa, na kamba moja ya waya ikaishika fremu hiyo mahali tulipopapata kwa namba na kwa bomba. Ukutani tulichomeka kulabu na minyororo minne. Kofia ikifika juu inafungwa kwa minyororo, waya inalegezwa, na kabla minyororo haijafungwa hakuna mtu anayepita chini, hata kuokota ufunguo. Siku ya majaribio Baba Mdogo alizungusha peke yake, mkono mmoja bado na bendeji, akihesabu kwa sauti. Alinikataza kugusa chochote. Nilisimama ukutani, mikono mfukoni, chini ya maneno yangu ya makaa, na kati ya mzunguko wa 100 na wa 200 ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimesaidia kujenga.

Mwezi wa kumi mawingu yalipanda Lubumbashi. Niliweka kando nauli ya basi, nikangoja. Jumapili ya kwanza simu haikulia, wala ya pili. Ya tatu nikapiga mimi.

"Nilisharudisha," alisema Baba Mdogo. "Miye peke yangu. Nilipumzika mara tatu."

Nilimpongeza. Nyuma ya sauti yake nilisikia mvua juu ya mabati. Mama Mdogo alichukua simu, akaniambia sombe ipo, akauliza nitafika lini. Nikasema Jumapili.

"Kufanya nini?" Baba Mdogo aliuliza kutoka mbali.

Nikafikiri haraka. Nikasema nitakuja kutia girisi kwenye ile skrubu.

"Girisi iko," alijibu. Mvua ilipiga kitambo kidogo. "Lakini ilikauka kidogo."