Sauti ya Bibi ni Amana: Kidude Chetu cha Kurekodia na Harusi ya Mdogo Wetu



Kila tukionekana na kile kidude chetu cheusi kinachoning'inia shingoni, kuna shoga atauliza: "Hivi nyinyi bado mnatumia hivyo? Simu si mnazo?" Tunazo. Sisi ni dada wawili, wazaliwa wa Unguja, tumeolewa Arusha na nyumba zetu zinatazamana pale Levolosi. Simu zetu zinalia toka alfajiri mpaka usiku kama za watu wengine. Lakini kwa kusikiliza na kwa kurekodi, tunatumia kidude hiki cha MP3 chenye kinasa sauti ndani yake. Leo tunaeleza kwa nini, na hasa tunawaeleza nyinyi maharusi watarajiwa, kwa sababu ya yaliyotukuta mwaka alioolewa mdogo wetu.

Kidude chenyewe

Hakina maajabu. Ukubwa wake ni kama kiberiti. Kina kioo kidogo, vitufe vichache, tundu la hedifoni na tundu la waya wa chaji. Nafasi yake ni GB 8. Ukirekodi kwa MP3 ya kawaida, dakika moja inakula karibu MB 1, kwa hiyo zinaingia zaidi ya saa 100. Ukitaka sauti isiyobanwa, ile inayoitwa WAV, dakika moja inakula kama MB 10, na hapo utapata saa 13 hivi. Hakina laini, hakina intaneti, hakina kamera.

Vidude vya namna hii vilianza kuuzwa mwaka 1998, cha kwanza kikiwa MPMan kutoka Korea Kusini. Mwaka 2001 ikaja iPod ya Apple, ikatawala dunia, na Mei 2022 Apple wenyewe wakatangaza kwamba hawatengenezi tena. Watu wengi wakadhani ndiyo basi. Lakini vile vya bei nafuu havijakoma, na wapo tunaovipenda kwa sababu ileile inayowafanya wengine wavidharau: vinafanya kazi moja tu.

Asubuhi, kabla wingu halijaufunika Mlima Meru, mmoja wetu hutembea kwa ajili ya afya na mwenzake hubaki akikanda unga wa chapati. Wote tunasikiliza Qur'ani. Tunampenda sana Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, ambaye usomaji wake wa Qur'ani nzima kwa murattal ulitolewa Misri mwaka 1961, maana anasoma taratibu na mwanafunzi anaweza kumfuata. Kwenye simu, hujamaliza ukurasa umeshaingia ujumbe wa kikundi cha harusi, mara mchango, mara picha ya sare. Kwenye kidude hiki, ukianza Suratul Kahf unaimaliza.

Na kurekodi si jambo geni kwa wanawake wa visiwani. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Amefariki mwaka 1950, na mpaka leo sauti yake tunaisikia. Ila Siti alijua anachokipeleka kwenye mashine, na alijua kwamba kitasikiwa na watu wa mbali. Katika habari yetu hii, hapo ndipo penye uzito wote.

Bibi anakuja Arusha

Bibi yetu mzaa mama alikuwa somo. Amewafunda wanawari wengi mjini Unguja, na sisi wawili tulipoolewa yeye ndiye aliyekaa nasi. Alitusinga kwa singo na liwa, akatufukiza udi, akatufundisha yale ya chumbani na yale ya ukweni, na siku za fungate alikuwa chumba cha pili, ukikwama unamnong'oneza.

Mdogo wetu, kitinda mimba, alichumbiwa na kijana wa Usa River, huko kwenye barabara ya Moshi. Harusi ikapangwa kufanyika hukuhuku Arusha. Bibi akasema hakuna mwengine atakayemfunda mjukuu wake. Akapanda boti mpaka Dar es Salaam, akapanda basi siku nzima, akafika Levolosi mwezi wa Juni, amejifunika mablanketi mawili na bado anatetemeka. Wenye kuijua baridi ya Arusha ya Juni na Julai watatuelewa.

Hazikupita wiki tatu, kifua kikambana. Hospitali wakampa dawa, akapata nafuu, lakini daktari akatuambia kwa upole kwamba baridi haimfai na moyo umechoka. Bibi mwenyewe alishajua. Akatuita wote watatu, akasema: "Wajukuu zangu, nirudisheni kwangu. Sitaki kuzikwa kwenye baridi." Harusi ilikuwa bado miezi miwili.

Mdogo wetu alilia. Hakulilia sherehe. Alisema: "Bibi, na mimi nani atanambia?"

Masharti matatu

Sisi ndio tuliotaja wazo la kurekodi. Bibi akaanza kwa kukataa. Alikuwa amezoea sherehe za Unguja ambako siku hizi simu hukusanywa mlangoni, kwa kuwa picha ya bi harusi aliye wazi kichwa inaweza kufika Maskati kabla biriani haijapakuliwa. Simu kwake ilikuwa mlango usio na komeo. Tukamletea kidude.

Akakigeuzageuza. "Kidude hichi kina macho?"

"Hakina, Bibi. Kina masikio tu."

"Na kikishasikia, kinakwenda kumwambia nani?"

"Hakimwambii mtu. Kinamngoja mwenye kukibonyeza."

Akanyamaza, akavuta tasbihi yake punje kadhaa. Kisha akasema kwamba yeye alifunzwa mdomo kwa sikio, hakuandikiwa, na mambo ya chumbani si ya kuachwa yakizagaa. Atakubali kwa masharti matatu. La kwanza, atakayesikia ni bi harusi peke yake. La pili, maneno hayo yasitoke ndani ya kidude kwenda popote, si simu wala kompyuta. La tatu, fungate ikiisha, bi harusi ayafute kwa mkono wake. Mdogo wetu akasema: "Nimekubali, Bibi." Bibi akamwambia arudie, akarudia.

Wakajifungia chumbani baada ya Alasiri. Sisi tulikaa uani, tunachambua mchele. Tulisikia kicheko chake mara mbili, kile cha kupaliwa, basi. Walipotoka, kioo kilionyesha dakika 47.

Kesho yake, akiwa amechangamka, tulimwomba tena, safari hii kwa yale yasiyo siri. Akarekodi saa 1 na dakika 12. Ametaja wazee wake hadi babu wa babu, kila mmoja alizaliwa wapi na amezikwa wapi. Ameeleza udi wa kupika: sukari iive kiasi gani kabla ya kutiwa vijiti na marashi, na kwamba mpishi asiondoke jikoni hata kama mgeni amebisha hodi. Ameomba dua kwa kila mjukuu kwa jina lake. Katikati mvua ilipiga juu ya bati, akasita, akasema, "Ngojeni ipite," na kweli kinasa kimeingoja mvua kwa dakika sita.

Tulimrudisha Unguja. Wiki tatu kabla ya harusi, Bibi akatutoka. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Ombi la familia

Harusi haikuahirishwa, kwa kuwa yeye mwenyewe alishausia isiahirishwe. Mdogo wetu alisingwa na sisi dada zake, na kila usiku wa wiki ile alifunga mlango, akavaa hedifoni, akasikiliza. Asubuhi ametulia, hata rangi imemrudi. Alikwenda ukweni Usa River na kidude kwenye mkoba wake.

Siku za fungate zikawa zinahesabika, na simu kutoka Unguja zikaanza. Mama wadogo na binamu zetu walikuwa wameshapata ile rekodi ya saa 1 na dakika 12, wanailia kila siku. Walijua ipo nyingine. Hawakutaka siri za chumbani. Walikuwa wanakitaka kile kicheko, kwani katika rekodi ya pili Bibi hakucheka hata mara moja. Mmoja akasema: "Kateni hicho kicheko tu, sekunde kumi, mengine futeni." Mwengine akasema aliyekufa hana tena haya, na sauti ya mama ni haki ya watoto wake.

Hatuwezi kusema hoja zao zilikuwa nyepesi. Na sisi tulikitaka kicheko kile. Kukata sekunde kumi kwenye kompyuta ni kazi ya dakika mbili, na usingejua mtu yeyote ila sisi.

Mdogo wetu akampigia mwalimu wetu wa madrasa. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza jambo moja: "Mwenyewe alisemaje?" Tumesoma tangu utotoni kwamba maneno ya faragha ni amana, na kwamba nyumba ya mtu haiingiwi bila idhini. Mwenye nyumba akifariki, sisi tuliobaki hatupati idhini aliyotunyima akiwa hai. Na sharti la pili lilikuwa wazi: yasitoke ndani ya kidude. Kicheko nacho kilikuwa ndani.

Siku ya nane alitualika. Tulikuta chai ya tangawizi na mkate wa ufuta, mumewe ametoka kwenda sokoni Tengeru, maana ilikuwa Jumamosi ya gulio. Akatwambia kwamba usiku uliopita amesikiliza mara ya mwisho. Kidude kikauliza kama kawaida: kufuta, ndiyo au hapana? Akabonyeza ndiyo, mbele yetu.

Faili likifutwa huwa halijaondoka kabisa. Mwenye programu maalumu anaweza kulirudisha, mpaka pale kitu kingine kitakapoandikwa juu yake. Mdogo wetu alilijua hilo, akakijaza kidude chote kwa Qur'ani, msomaji mmoja baada ya mwengine, mpaka kikasema nafasi imekwisha. Ndiyo maana sasa tuna wasomaji wengi kuliko tunaoweza kuwasikiliza.

Kuna mama mdogo mmoja bado hajaridhika nasi. Tunamwelewa, na kila Ijumaa tunampigia simu kumjulia hali.

Kwako bi harusi

Kama una bibi, somo, au mama mkubwa mwenye mengi, usingoje. Yafuatayo tumeyajaribu:

Omba idhini, na idhini hiyo irekodiwe mwanzoni. Mwenyewe ataje jina lake, tarehe, na nani anaruhusiwa kusikia. Kurekodi kwa kuficha, hata kwa mapenzi, ni kupeleleza, na tumekatazwa katika Suratul Hujurat.

Tenga faili mbili tangu mwanzo: ya wote na ya mmoja. Usiziache zikachanganyika ukidhani utazikata baadaye, kwa sababu atakayekata lazima asikilize.

Weka kinasa kiasi cha shubiri mbili kutoka mdomoni, juu ya kanga iliyokunjwa, ili meza isigonge. Zima feni, funga dirisha la barabarani, na ukiona wingu zito, harakisha au ahirisha: mvua ya bati haina mshindani.

Rekodi nusu dakika kwanza, usikilize, ndipo muanze. Ukiwa sehemu za baridi, kama huku chini ya Meru, kiweke kidude ndani ya nguo mpaka wakati wa kukitumia, kwani baridi hupunguza nguvu ya betri.

Ile faili ya wote, itie sehemu mbili au tatu, kwenye kompyuta, kwenye flashi, na kwa ndugu wa mbali, na uipe jina linaloeleweka. "Rekodi 003" haitamwambia kitu mjukuu wako.

Na ile ya mmoja, timiza ulichoahidi. Utakuwa na sababu nzuri za kuvunja ahadi, na wenye kukupa sababu hizo watakuwa watu unaowapenda. Mdogo wetu hakumbuki tena kila neno la zile dakika 47, lakini yale ya kazi anayatumia, na akijaaliwa binti atamwambia mdomo kwa sikio, kama alivyoambiwa Bibi.

Allah amrehemu Bibi yetu na wazee wetu wote waliotangulia, na azijaalie ndoa zenu utulivu, mapenzi na huruma. Aamin.