Kazi 2,500 Zikageuka 1,700

Wasee, tusishangilie kazi ambazo bado ziko mdomoni. Februari 2023, Ford ilitangaza kiwanda cha betri za magari ya umeme huko Marshall, mji mdogo wa Michigan, Marekani. Dola bilioni 3.5, kazi 2,500. Kufika Novemba, mauzo ya magari hayo hayapandi vile walitarajia, kazi zikapunguzwa hadi 1,700. 

Sipingi viwanda. Mimi niliacha chuo, so tangazo kama hilo likitoka huku Kenya nitakuwa wa kwanza kulisoma. Lakini nitauliza: mafunzo atalipia nani? Mshahara ni ngapi? Soko likipoa, nani anatoka kwanza? Ahadi hailipi kodi ya nyumba.