Kalenda Tatu

Muhula wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili, hapa Columbia, Missouri, tulipewa kusoma Blue Highways cha William Least Heat-Moon. Mwaka 1978, baada ya kupoteza kazi ya ualimu na kutengana na mkewe, aliondoka mji huuhuu na gari lake, akaizunguka Marekani kwa zaidi ya kilomita 20,000 huku akikwepa barabara kuu. Kwenye ramani za zamani barabara kuu zilikuwa nyekundu, za pembeni bluu. Yeye alifuata za bluu.

Kilichonishika ni namna alivyopima migahawa ya miji midogo: alihesabu kalenda ukutani. Zikiwa nyingi, chakula ni cha kuaminika. Zikifika tano, umebahatika.

Nikafunga kitabu. Mgahawa wa mama yangu, Mombo, una kalenda tatu: ya benki, ya msikiti na ya duka la pembejeo.

Mombo unaijua, hata kama jina limekutoka. Ni pale basi la Arusha liliposimama dakika kumi, mkachimba dawa, mkanunua matunda damu dirishani, mkaondoka. Mimi nimekulia upande wa pili wa dirisha hilo, beseni kichwani, nikikimbiza basi ambalo abiria wake hajanilipa. Nilipofika chuo Dar es Salaam, nikiulizwa kwetu wapi, nilijibu "Tanga" na kubadilisha mada. Likizo nililala kwa mama siku mbili, ya tatu nikasingizia kazi.

Mwezi Aprili, mwenzangu wa darasani alinipa lifti kwenda Kansas City. Nikamwomba tuache barabara kuu, tupite za pembeni. Tukafika mji wa mtaa mmoja, wenye maghala ya nafaka na mgahawa. Nikahesabu: kalenda nne. Mwenye mgahawa, mama wa makamo, akatumiminia kahawa na kuniuliza natoka wapi.

"Tanzania."

"Tanzania sehemu gani?"

Tanga ilikuwa mdomoni tayari. Lakini kwake Tanga na Mombo zilikuwa sawa tu; nilikuwa namficha nani?

"Mombo. Mji kama huu. Mama yangu naye ana mgahawa."

Uso ukamchangamka. Anapika nini? Supu na chapati asubuhi, nikasema, wali mchana. "Na sasa uko huku, nani anamsaidia?"

Sikujua. Miezi minane nje ya nchi, nikimsifu Heat-Moon kwa kuwasikiliza watu asiowajua, na mama yangu sijamuuliza hata hilo.

Nikatoka nje, nikapiga simu. Kule ilikuwa saa tatu usiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona usiku, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Siku hizi nani anakusaidia mgahawani?"

Akanyamaza kidogo. Kisha nikasikia kiti kikivutwa.

"Una muda?" akauliza.