Shamba la gunia: pa kuanzia kwa mkulima mgeni jijini

JE, msomaji, umewahi kutamani kuchuma sukuma wiki uliyoipanda kwa mikono yako, lakini ukichungulia uani unaona saruji tupu na kamba za kuanikia nguo? Basi hauko peke yako. Jijini Nairobi hamu ya kulima si haba. Kinachokosekana ni ardhi.

Nchini Uingereza jambo hili lilitungiwa sheria kitambo. Tangu 1908 mabaraza ya huko yana wajibu wa kuwatengea wakazi wanaohitaji vipande vya kulima, na kipande cha kawaida ni kama mita mraba 250. Mtu hulipa kodi kidogo, akachukua jembe lake akaanza kazi.

Hapa kwetu hakuna anayekugawia. Anayetaka kulima hutafuta upenyo kando ya barabara, chini ya nyaya za umeme au ukingoni mwa mto. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mkulima mgeni si "nipande nini?" bali ni "ardhi hii ni ya nani, na maji yake yanatoka wapi?"

Ukitaka kuona jinsi watu wasio na ardhi walivyolijibu swali hilo, panda matatu hadi Kibera. Shuka Makina au Olympic, kisha uingie vichochoroni kwa miguu. Jina la mtaa huu latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, ingawa siku hizi msitu wenyewe ni wa mabati. Hata hivyo, hapa na pale kati ya nyumba utaona magunia yamesimama wima, majani ya sukuma na spinachi yakichomoza juu na ubavuni.

Kilimo hiki kilipata nguvu mtaani humo na kule Mathare mnamo 2008. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, chakula kilikuwa adimu na ghali, na shirika la Kifaransa la Solidarités likazisaidia familia kuanzisha mashamba ya magunia. Ubora wake ni kwamba gunia halihitaji hatimiliki. Mwenye nyumba akikuhamisha, utaumwaga udongo, uubebe kwa mkokoteni na kuujaza upya huko uendako.

Ukiteremka kutoka Kibera utafika kwenye bwawa la Nairobi, ambako enzi fulani watu waliendesha mashua kwa starehe. Kwa miaka mingi sasa bwawa hilo limesakamwa na magugu, taka na maji machafu yanayoletwa na mto Ngong. Kandokando yake watu wamelima mboga, nazo hustawi ajabu. Usidanganyike na rangi hiyo ya kijani! Maji taka hubeba vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na yale ya viwandani huweza kuwa na madini kama risasi. Uchafu wa nje waweza kuoshwa, lakini madini yaliyokwisha kufyonzwa na mmea hayatoki kwa kuosha wala kwa kupika. Mboga ya kumlisha mtoto haifai kunyweshwa maji usiyoyajua.

Udongo nao hutofautiana kwa mitaa. Upande wa magharibi, mathalani Kawangware na Dagoretti, ni mwekundu na hulimika kwa urahisi. Upande wa mashariki, kama vile Embakasi, ni mweusi mzito, hunata mvua inyeshapo na kupasuka nyufa jua likiwaka. Aliye huko auchanganye na samadi iliyooza vizuri pamoja na mchanga kidogo kabla ya kuujaza gunia.

Je, gunia lenyewe hutengenezwaje? Chukua gunia la kilo 90 na ulikunje mdomo. Tafuta mkebe mkubwa uliotolewa kitako, uusimamishe katikati na kuujaza mawe madogo. Uzungushie udongo uliochanganywa na samadi, halafu uvute mkebe juu na kuujaza tena, hadi gunia lijae na katikati pawe na nguzo ya mawe. Humo ndimo maji yatakamopita hadi chini. Toboa matundu ubavuni, yakiachana kwa upana wa kiganja, uchomeke miche jioni jua likipoa. Maji uliyooshea mchele au mboga yanafaa kunyweshea, mradi hayana sabuni.

Mgeni asianze na magunia kumi. Anza na moja, na uchague mimea inayokomaa upesi. Terere na kunde huchumwa majani baada ya wiki tatu au nne. Dania huhitaji kama wiki sita. Sukuma hukaa kitaluni kati ya wiki nne na sita, na baada ya kuhamishwa huanza kuchumwa mnamo wiki ya saba hivi. Chuma majani ya chini na kuacha kilele, nayo itakulisha kwa miezi. Panda miche mvua za Machi au Oktoba zinapoanza, upunguze kazi ya kubeba mitungi. Vidukari wakiingia, wapanguse kwa maji ya sabuni kidogo, kisha uyasuuze majani kabla ya kuyapika.

Zamani askari wa baraza la jiji walikuwa wakifyeka mahindi ya watu barabarani. Mnamo 2015 kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria inayotambua kilimo cha mjini. Hata hivyo, sheria hiyo haimpi mtu kipande kisicho chake. Mnamo Mei 2024, baada ya mafuriko, serikali iliwaondoa watu waliokaa kandokando ya mito. Aliyetegemea ukingo wa mto hana la kudai.

Kwa hivyo, mama, baba, nawe mwanafunzi wa chumba kimoja, tafuta kwanza mahali panapopata jua kwa saa tano au sita, umwombe mwenye nyumba ruhusa, uhakikishe maji ni safi. Gunia moja halitamaliza safari zako za sokoni, lakini chache zitapungua, na mboga utakayoipika jioni utajua ilikonyweshwa. Haba na haba hujaza kibaba.